Mtani Jukwaani

Wajukuu zangu, Jumamosi nilikwenda ukumbini hapa Morogoro mjini kutazama mchezo wa vijana. Nilimchukua jirani yangu, ambaye amefiwa na mumewe juzijuzi. Watoto wake walimzika baba yao kisasa, kwa ratiba na kipaza sauti. Watani waliokuja kutoka Mikese na mizaha yao ya msibani waliambiwa watulie, wasitie aibu. Jirani yangu hakubisha, ila tangu siku ile moyo wake haukukubali kuwa mzee ameondoka.

Mchezo wenyewe ukawa wa msiba. Kijana aliyeigiza mtani akatokea amevaa koti la marehemu wa mchezo, anatembea kama yeye, mkono mgongoni. Ndivyo watani walivyotufanyia zamani kule kwetu milimani, na mjane alicheka atake asitake.

Akauliza, “Mama watoto, chai yangu iko wapi?”

Jirani yangu akajibu kwa sauti, “Jikoni. Ulikuwa wapi mpaka saa hizi?”

Binti wa mbele yetu akageuka. “Bibi, jamani, ni maigizo tu.”

Kijana akasogea ukingoni mwa jukwaa. “Nilipita kwa shemeji.”

“Mwongo wewe. Ulikuwa kwenye bao.”

“Basi nisamehe, mke wangu.”

“Nenda, baba. Nimeshakusamehe.” Alicheka huku machozi yakimtiririka.

Zamani tungemsuta wote yule mtani. Siku hizi mnakata tiketi, mnakaa gizani, mnangoja mwisho mpige makofi. Viti ni vizuri, sikatai.

Tulipotoka nikamuuliza kama mchezo umempendeza.

“Mchezo gani?” akasema. “Mimi natoka kuzika.”