Upande Mmoja wa Uso wa Mama

Mgonjwa alikuwa wa wote wawili, lakini sifa zilimwendea mmoja. Hilo ndilo lililomkereketa Fundi tangu mama yao azikwe. Mdogo wake ni mchoraji. Hutengeneza vitabu vya picha kuhusu watu wanaougua na watu waliofiwa, na wauguzi huvigawa wodini. Watu wakikutana na Fundi njiani, vitambaa kwapani, humsimamisha kumuuliza kitabu cha mama kitatoka lini. Yeye mwenyewe anaendeleaje, hakuna anayeuliza.

Mchumia juani hulia kivulini. Fundi alichuma juani kweli, ila kivulini alimkuta mdogo wake ameshakaa kitako.

Yeye ndiye aliyehamishia cherehani chumbani kwa mgonjwa ili asimwache peke yake hata saa za kazi. Akiwa katikati ya kola, anaacha; anamgeuza mama ubavu mgongo usichubuke, anamnywesha supu, anabadilisha shuka, anarudi kwenye kola. Malipo yake yalikuwa manung'uniko: supu ya moto, mkono wako mzito, umenivuta. Halafu Jumapili anaingia Kitindamimba na penseli zake, ananukia sabuni, na mama huyo huyo anaomba kitambaa kizuri cha kichwa na kuanza utani.

"Nichore pua ndogo," anasema. "Hii ni ya baba yenu, niliolewa nayo."

Wanacheka, na Fundi anakanyaga cherehani mpaka uzi unakatika. Kumwonea wivu mtu mliyetoka naye tumbo moja ni aibu, naye alilijua hilo. Hata hivyo alimwonea.

Basi siku mchoraji alipomletea michoro kabla ya kuipeleka kuchapwa, Fundi alikuwa na maneno yake tayari. Aliipanga juu ya meza ya kukatia nguo, akajitafuta. Hakujiona, hata kidole. Zilikuwepo chupa za dawa, dirisha, miguu ya mama chini ya shuka, na mama, mama, mama. Akauliza kama mama alijiuguza mwenyewe.

Mchoraji hakujitetea. Alikiri kwamba alijaribu kumchora dada yake na mkono ukakataa, kwa wivu.

"Wivu wa nini, wewe?"

"Mtazame mama vizuri, dada. Nimechora shavu na sikio tu."

Ikawa kweli. Kila ukurasa mama amegeukia pembeni. Mchoraji akaeleza kwamba yeye hachori asichokiona, ndiyo maana wagonjwa humwamini. Na Jumapili zote zile mama alizungumza naye, akamtania, lakini macho yake yalikuwa upande wa cherehani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa bado mtupu. Alitaka kuuweka uso mzima, na kwa hili moja alikuwa radhi kuazima macho ya mwingine.

"Akikutazama," aliuliza, "macho yake yalikuwaje?"

Furaha iliyomwingia Fundi haikuwa nzuri, lakini aliikaribisha. Hatimaye alikuwa na kitu ambacho mdogo wake hana, na kukitoa hakuwa tayari.

"Sikumbuki," alisema.

Mchoraji alikusanya karatasi zake, akaaga na kwenda zake. Fundi akakaa kwenye cherehani kuula ushindi wake peke yake. Akamwita mama akilini amtazame. Kikaja kijiko. Kikaja kidonda cha nyonga, ukaja upindo wa shuka, ikaja sindano ikishuka kwenye kola. Mama alikuwa akimtazama yeye, na yeye alikuwa akitazama kazi. Alijaribu tena, akaanzia kwenye kitambaa cha kichwa, akateremka polepole hadi kwenye nyusi. Chini ya nyusi hapakuja kitu. Neno alilolitoa kwa choyo, kumbe lilikuwa kweli.