Mama Plasta na Mafuta ya Taa

Wanafunzi walimwita Mama Plasta, maana hata aliyekwenda kwake na maumivu ya tumbo alitoka na plasta. Alikuwa nesi pekee wa shule ya msingi ya serikali, katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati: kitanda kimoja, ndoo ya maji yenye koki, na kabati lililofungwa kwa kipande cha waya.

Mwaka ule ofisi ya afya ilileta maboksi ya vipeperushi kuhusu sumu za majumbani. Alivigawa mwenyewe, darasa kwa darasa.

"Mpe mama, mpe baba, mpe bibi. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!" waliitikia watoto, kama wanavyoitikia kila kitu.

Haikupita wiki, akanunua karanga getini. Muuzaji, mama ambaye binti yake alikuwa darasa la pili, alimfungia kwenye karatasi. Mama Plasta alipoifungua akakuta mchoro wa fuvu la kichwa na maneno anayoyajua vizuri. Kilikuwa kipeperushi chake. Akacheka tu. Nyumbani alipomsimulia mumewe, mume naye akacheka mpaka akapaliwa. "Si haba," alisema, "angalau vimewafikia wananchi."

Kicheko kilikatika mwezi huohuo. Mama wa karanga aliingia chumbani kwa nesi mbio, bila viatu, binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa anakohoa mfululizo na midomo imeanza kubadilika rangi.

"Amekunywa nini?"

"Mafuta ya taa. Yalikuwa kwenye chupa ya soda, akadhani maji. Nimemtapisha kwa kidole, nimempa maziwa, nimemtapisha tena. Nimefanya kila kitu, nesi!"

Mafuta ya taa yakitapikwa huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mama Plasta alisimamisha pikipiki, wakapakizana wote watatu hadi hospitali.

Walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Daktari alipokuja kueleza na kuondoka, mama wa karanga aligeuka.

"Anasema sikutakiwa kumtapisha. Wewe ulijua?"

"Nilijua. Iliandikwa kwenye zile karatasi."

"Karatasi zipi?"

"Zile ulizofungia karanga."

Alijuta kabla hajamaliza kutamka.

"Mimi sijui kusoma, nesi," mama yule alisema taratibu. "Kila siku unasimama mbele ya sinia langu. Tunaongea habari za mvua, bei ya nyanya, mume wako anavyokoroma. Hilo moja tu likakushinda kulisema kwa mdomo?"



Mtoto alipona, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Wenzake wakikimbia, yeye hukaa kivulini anashika daftari zao.

Mama Plasta alimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuongea na wazazi wanapofuata watoto.

"Getini? Kama mhubiri?"

"Kama mhubiri, mwalimu."

Siku ya kwanza wengi walimpita wakiangalia simu zao. Fundi seremala mmoja akabisha: yeye huweka mafuta kwenye chupa ya maji, lakini ameandika juu yake.

"Mwanao wa chekechea anasoma?"

Fundi akakuna kichwa, watu wakacheka, wakasogea karibu. Bibi mmoja akauliza kwa ukali, "Sasa mtoto ameshakunywa, nikae tu nimtazame?"

Mama Plasta alifungua mdomo, lakini sauti ilitoka nyuma ya umati. "Mbebe, ukimbie hospitali. Kidole usimtie."

Ilikuwa ya mama wa karanga. Alikuwa amehamishia sinia lake ng'ambo ya barabara tangu yale yatokee. Alipokwisha kusema, alivuka akarudi kwenye biashara yake bila kumtupia nesi jicho.

Mpaka leo wanapishana pale getini, na salamu ni ya kujilazimisha.