Siku Tuliyomsimamisha Mtu wa Waya

Harufu ya mbao ya sipresi iliyopasuliwa karibuni hunisimamisha njiani kila nikipita kwa maseremala wa Kitale. Wao hudhani nataka kitanda, wananiita "kastoma, karibu". Naona haya kuwaambia kwamba nanusa tu.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa mgonjwa, kalala ndani tangu mvua zianze, kakonda hata koti lake likaonekana la kuazima. Siku ile tulikuwa tukijiandaa kusafiri kesho yake kwenda Bokoli, upande wa Bungoma, kwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Niliambiwa ni likizo. Basi mchana huo Baba akaamka mwenyewe, akaja kuketi nami uani, akauliza mtu wangu wa waya yuko wapi.

Nilikuwa nimemsokota kwa waya wa fensi, nimemvika magazeti na gundi ya unga, ila hakuweza kusimama. Nilimkata miguu pale nyayo zinapoishia, kwa kuwa hata watu huishia hapo. Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia:

"Sasa atashikwa na nini, mama? Si ungewacha waya ingine ya kuingia kwa mbao?"

Tukamwongeza waya. Nikatoboa ubao mbichi wa sipresi kwa msumari, nikapitisha miguu, nikaipinda upande wa chini kwa koleo. Baba aliubana ubao kwa magoti, akanionyesha pa kugonga misumari ya fensi, ile iliyopinda yenye ncha mbili, ili waya usichomoke. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo nyundo ilikuwa yangu. Vidole vyangu navyo vilipata sehemu yake ya kugongwa.

Mama alitoka jikoni. "Baba Nafula, si upumzike? Mtamaliza mkirudi."

"Wacha tumalize leo," Baba akasema bila kumtazama. Mama akarudi ndani.

Baba akamvuta yule mtu kichwa. Hakuyumba. Nami nikakimbia kwa jirani kutangaza kwamba baba yangu amepona, ametoka kitandani, anafanya kazi! Furaha kama ile sijaipata tena.

Tulimzika Baba huko Bokoli kabla shule hazijafunguliwa. Kwa miaka mingi nilijiuliza kwa nini ugonjwa ulimrudia ghafla hivyo, mpaka nikawa mtu mzima nikaelewa kwamba haukuwa umeondoka. Baba alijua harudi Kitale. Mama pia alijua. Katika nyumba ile, ni mimi peke yangu niliyekuwa nikienda likizo.