Wivu wa Mama Mbele ya Hakimu

Nilipokuwa mtoto pale Kirumba, mtaa wa mjini kando ya ziwa, tuliamini kwamba wivu wa mtu unaweza kumpofusha mwenzake. Nami nilikuwa na sababu ya kuogopa, maana mama yangu alikuwa na wivu na hakujua kuuficha.

Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa, na baba, mchuuzi wa samaki, alianza kushika fedha. Akaoa mke wa pili, Nyamizi, akampangia nyumba Igoma. Nyamizi alipata kitanda kipya na redio ya kaseti. Mama alibaki na sisi watoto na paa linalovuja. Kila baba aliporudi kutoka Igoma, mama alimnusa shati kabla ya kumpokea mzigo, kisha akashinda kutwa hasemi na mtu.

Ndipo Nyamizi akaanza kuumwa macho. Yaliwasha tu na kutoa tongotongo. Baba alimpeleka kwa Mzee Ngasa, mganga aliyeheshimika sana upande ule. Mzee akapiga ramli, akasema mke mkubwa ndiye aliyemfunga macho, halafu akamkamulia dawa ya majani machoni. Nyamizi alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Walipomfikisha hospitali, daktari alisema mboni zimeungua, hataona tena. Mganga hakutetereka. Alisema dawa yake ni nzuri, ila wivu wa mke mkubwa umeizidi nguvu.

Maneno yalifika Kirumba upesi. Wanawake wakaacha kupiga soga na mama bombani. Baba akaacha kula chakula alichopika mama. Tulijua yaliyowapata akina mama waliotajwa kuwa wachawi vijijini, jinsi walivyofuatwa kwa mapanga, na mama akawa anaegemeza kinu mlangoni jua likiwa bado halijazama. Mimi nami nilimtazama kwa jicho la pembeni, nikijiuliza kama ni kweli.

Kaka yake Nyamizi ndiye aliyekwenda polisi, na kesi ikafika mahakamani. Mganga alijitetea kwa maneno yale yale, kwa hiyo mama akaitwa kutoa ushahidi. Shangazi alimsihi akane, aseme anampenda mke mwenzake kama mdogo wake wa tumbo moja.

Siku hiyo niliketi kando ya shangazi. Mzee Ngasa aliruhusiwa kumuuliza mama maswali, naye akauliza moja tu, kwa upole: je, alimwonea Nyamizi wivu au hakumwonea?

"Nilimwonea, Mzee," mama akasema. "Hata leo namwonea. Lakini mkono uliomtia dawa machoni ni wako, si wangu."

Hakimu akamgeukia mganga, akamtaka aeleze dawa ile ilikuwa na nini. Mzee akajibu kwamba hiyo ni siri aliyoachiwa na wazee wake. Hakimu akamwambia wazee hao hawapo kizimbani, yupo yeye. Mwishowe akafungwa.

Tulipotoka, Nyamizi alisimama juu ya ngazi, hajui pa kukanyaga. Baba alikuwa mbali, anaongea na askari. Mama akaenda, akamshika mkono, wakashuka taratibu. Walipofika chini aliitazama kanga mpya ya Nyamizi, akamuuliza nani kamnunulia.

"Mume wetu," Nyamizi akasema.

Mama akakunja uso, lakini mkono hakuuachia.

Mzee Ngasa alipotoka jela, wateja wake walirudi, ingawa wachache. Wapo watu Kirumba walioendelea kuamini kwamba mama alimroga mwenzake, na wengine walikufa wakiamini hivyo. Mama naye hakuacha wivu. Hata uzeeni, baba akimtaja Nyamizi kwa sauti laini, kikombe cha chai kiliwekwa mezani kwa kishindo.

Nami nimeolewa, nimeujua wivu huo. Unamnyima mtu usingizi, unamkondesha anayeubeba. Sijaona ukimuunguza mtu mwingine macho. Siku ile sheria ilimuuliza mganga alichokifanya. Mama hakuulizwa zaidi ya alichokihisi, akakisema mbele ya watu, akarudi nacho nyumbani akiwa salama.