Kuku wa manyoya aliyempangisha afande foleni

Salamu wakuu. Wengi humu mna umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaandika.

Juzi mmoja wenu kaweka picha ya kuku wa manyoya laini, anasema wameingia Kampala majuzi na ni wa matajiri. Nilicheka peke yangu. Mimi nilifuga hao Kisugu, hapo hapo Kampala, enzi za utawala wa jeshi. Shule niliacha mapema, msinisahihishe herufi, ila ninayosema niliyaona kwa macho haya.

Marehemu mume wangu alikuwa na kibanda cha vitambaa sokoni Nakivubo. Siku moja mama mmoja Mkongo akamletea tenga, ndani jogoo na tetea, akachukua kitenge akaenda zake. Mume wangu akaja nao nyumbani. Nikamuuliza, umeleta kuku au paka?

Ngozi nyeusi, vidole vitano, manyoya kama pamba iliyochambuliwa. Kuruka hawawezi. Mvua ikiwanyeshea wanalowa hadi ngozini, inabidi uwakaushe karibu na sigiri ya makaa kama watoto wachanga.

Mimi nilishawaza mchuzi. Lakini binti yangu Mwanaidi mguu wake mmoja ulipooza utotoni, kukimbizana na wenzake hawezi. Yule tetea akamwendea mwenyewe, akapanda mapajani, akalala. Basi, mchuzi ukaishia hapo. Akamwita Pamba.

Mara nyumba ya nyuma yetu akahamia sajini mmoja.

Vijana, nyie hamjui. Siku zile mwenye gwanda akipenda kitu chako, unamfungia vizuri akibebe.

Akachungulia uani kwetu, akasema, "Mama, hii kuku mimi nataka. Ijumaa nakuja chukua."

Nikaitikia sawa afande. Ningesema nini?

Mwanaidi hakulia. Alikwenda kwa jirani yetu Mama Nakato, akaomba mayai ya bata, akamwekea Pamba. Na hawa kuku kuatamia ndiyo starehe yao, hata ukimpa viazi atalalia.

Ijumaa sajini akamkuta Pamba juu ya mayai. Kwetu kuku anayeatamia hachinjwi, na kumbe hata kwao. Akajikuna shingo, akasema mama yake angemchapa na ukubwa huu. Atarudi yakishaanguliwa.

Akarudi. Bata wametoka, Pamba yuko juu ya mayai mengine. Akarudi tena, sasa ni ya bata mzinga. Habari zilishaenea, wanawake wa Kisugu wanaleta mayai kwa zamu, na mpanga zamu ni Mwanaidi. Anakaa kwenye kigoda mlangoni, huyu anamkubali, huyu anamwambia arudi wiki ijayo, utadhani karani wa serikali.

Mimi kila nikisikia buti uani naacha kazi nachungulia. Siku yoyote angechoka kungoja.

Asubuhi moja akaja kofia iko mkononi, si kichwani. Nikajua leo Pamba anaondoka.

Ndani ya kofia kulikuwa na mayai. Alikuwa na kuku wake, anataga halafu anayakimbia. Akanipita mimi kama sipo, akachuchumaa mbele ya Mwanaidi.

"Mtoto, kuku yako iko na nafasi?"

Mwanaidi akayatazama mayai, akamtazama na yeye.

"Kuna foleni, afande."

Wakuu, foleni kwa afande! Sukari tulipanga foleni, sabuni foleni, na mwenye gwanda siku zote alipita mbele.

Sajini akacheka mpaka akakaa chini, kofia kaikumbatia mayai yasivunjike. Akauliza yeye ni wa ngapi. Akaambiwa baada ya Mama Nakato. Akaenda nayo, na zamu yake ilipofika akaleta mapya.

Vifaranga wake walitoka wazima. Tangu hapo askari mwingine akichungulia uani kwetu, yeye ndiye anamfukuza: "Hiyo iko kazini."

Pamba alikufa kwa uzee. Mwanaidi naye sasa ni bibi, na uani kwake bado wamejaa wa uzao ule ule, wanapigania mapaja yake.

Nililojifunza ni hili: kitu chako kipole ukikificha utanyang'anywa. Kipe kazi ya mtaa mzima, mtaa utakilinda.

Wenye kuku hawa semeni, wenu wanaatamia hivyo? Na atakayeniuliza nyama yake ina ladha gani, simjibu.