Sahani ya Debe la Maji ya Chumvi

Kazi yangu ni kuzuia sumaku isitoroke. Ukiniuliza zaidi nitakueleza mpaka ujute. Hoteli za Diani siku hizi zinataka majiko ya umeme yasiyo na moto: chini ya kioo mna koili ya shaba, koili inatoa sumaku, na sumaku inakifanya kitako cha sufuria ya chuma kijipashe chenyewe. Sumaku nyingine huponyoka pembeni. Basi mimi hukaa ofisini Ukunda, nikaikata hewa inayolizunguka jiko kwenye kompyuta vipande vidogo vidogo, kompyuta ikakokotoa sumaku iliyomo katika kila kipande, kisha nikajaribu ngao: pete ya alumini hapa, pete nyingine pale. Mama huiita kazi ya kuhesabu upepo.

Mama yuko Msambweni. Alipowekewa kifuani kile kimashine cha kuuongoza moyo, daktari alimkataza moshi wa kuni na akamwonya asikaribie sumaku kali. Dada yangu akashika mapishi yote, mama akawa mgeni wa kula. Hakulalamika. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mama yangu akinyamaza, ujue kuna jambo.

Nikaapa kumtengenezea jiko la sumaku lenye ngao yake, apike tena. Katika hesabu zetu mtu hachorwi pua na masikio. Huwekwa chombo cha maji ya chumvi, kwa kuwa mbele ya sumaku mwili hauna tofauti kubwa na hayo. Nikaweka debe mbele ya jiko, nikapanga pete, namba za sumaku inayolifikia zikashuka hata nikacheza chakacha peke yangu ofisini.

Nikalipeleka jiko Msambweni, nikaliweka mezani bila kulichomeka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ndilo hili?”

Akalishusha sakafuni. Akavuta mbuzi yake ya kukunia nazi, akaikalia, akalizungushia jiko magoti na kuliinamia, kifua karibu na kioo. Nimekulia mbele ya mgongo ule ulioinama, na nilipomchora nikamsimamisha mezani kama mpishi wa hoteli!

“Mama, kwenye kompyuta ulikuwa umesimama.”

“Lini umeniona nikipika nimesimama?”

“Yaani... lile debe la maji ya chumvi ndilo lililosimama. Debe ndilo wewe.”

“Nimekubeba tumboni, nimekubeba mgongoni, leo mimi debe?”

Nikarudi nalo Ukunda, nikalikalisha debe, nikaliinamisha. Namba zikapaa, na sufuria ikisogea kando kidogo zikapaa zaidi. Nikaipanua pete, jiko likaanza kupasha pete badala ya wali. Nikahangaika nayo hadi hesabu zikakaa vizuri. Mwenzangu ofisini akanipongeza. Lakini mama ninaye mmoja, na debe halina moyo wa kusimama. Nikampigia daktari. Akasema ngao ni nzuri, umbali ni bora: mama asogee nyuma kupita urefu wa mkono wake, na asilisogelee mpaka lizimwe.

Sasa utakorogaje sufuria usiyoifikia? Mjomba wetu wa Bodo, mchonga makasia, akamchongea mwiko mrefu.

Ijumaa nilipolirudisha jiko na pete yake mpya, mama aliketi kwenye mbuzi yake kule, jiko huku, na mwiko katikati. Dada alicheka mpaka akakaa chini. “Mama anapiga kasia!” Mama akaendelea kukoroga. Alikuwa anaimba puani, na sauti ile sikuwa nimeisikia tangu atoke hospitali.

Wali wa nazi ukaiva, dada akalizima jiko, mama akasogea kupakua. Mimi akanipa ukoko. Kisha akajaza sahani nyingine, akaiweka karibu na yangu.

“Hii ya nani, mama?”

“Ya lile debe lako. Limekaa jikoni kwa niaba yangu siku zote hizo, na hakuna aliyelipakulia.”

Nikala sahani zote mbili, huku nalia.