Nyumba ya Mawe Tuliyokwenda Kumnunulia Mama

Kwetu, magharibi ya Kenya, mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Aje mchana, ale, acheze na wajukuu, hata apike akitaka, lakini jua likitua anakwenda kwake. Si ugomvi wala si kiburi. Ni heshima, na asiyeijua heshima hiyo huulizwa alilelewa na nani. Kwa hiyo mzazi lazima awe na nyumba yake, hata iwe ya chumba kimoja, mradi mlango ni wake na ufunguo anao yeye.

Mume wangu ni Mkongo, mtu wa Bukavu. Nilimpata kanisani, mjini Saint Paul, Minnesota, akiwa na mama yake, wakimbizi wote wawili. Tulipooana tukaingia watatu katika fleti ya kupanga karibu na reli ya Green Line, na Mama akapewa chumba cha nyuma. Msinishangae. Nyumba ya kupanga kwetu haihesabiwi, ni ya mwenyewe, leo upo kesho hupo. Basi miaka ile yote Mama alilala chumba cha pili na mimi nikalala usingizi wangu bila wasiwasi.

Na nilimpenda yule mama, niseme mapema. Mimi ni mtu wa maneno mengi na hasira yangu haipigi hodi. Yeye ni mpole, lakini mkaidi ajabu. Vita vyetu vikubwa vilikuwa vya joto la nyumba. Januari anapandisha hita mpaka madirisha yanatoka jasho, mimi naishusha, nikigeuka ameipandisha tena. "Mama, haki tutaiva humu!" nampigia kelele. "Baki na baridi yako, mama," ananijibu, maana Wakongo hata mkaza mwana humwita mama, "miye niko mzee." Lakini asubuhi nikitoka shifti ya hospitali kule Maplewood, naikuta chai ya tangawizi imefunikwa na kisahani, na yeye amekaa pale pale kuhakikisha naimaliza. Watoto wakimsemesha Kiingereza aliwajibu Kifaransa makusudi, mpaka wanachoka na kurudi kwenye Kiswahili huku wanacheka.

Shida ilianza tulipopata uwezo wa kununua nyumba yetu wenyewe. Tulikuwa tunaangalia Champlin, upande wa mto Mississippi, kwa sababu mume wangu alitaka watoto waone maji. Kila nyumba tuliyoonyeshwa, wenzangu walitazama jiko na bafu. Mimi nilikwenda moja kwa moja uani kutafuta mahali pa kumjengea Mama. Dalali akanieleza kwa upole kwamba mji hauruhusu nyumba ya pili katika ua ule. Nikamwuliza, sasa wazee wenu mnawaweka wapi? Akacheka, akidhani natania.

Basi nikawa nasema mezani, tena kwa fahari, "Mama anahitaji nyumba yake." Nilisema mwezi huu, nikasema mwezi ujao. Nilisema mbele ya wageni wa kanisani, waone ninavyomheshimu mama mkwe. Mume wangu, bingwa wa "tutaona", akasema tutaona. Mama akasema, "Sawa, mama." Baridi ile akaacha hata kugusa hita. Nikafurahi, nikadhani amezoea Minnesota.

Ndipo dada ya mume wangu akapiga simu kutoka Ufaransa. Yeye alipelekwa huko wakati mume wangu na Mama wanapelekwa Marekani, na anafanya kazi katika makao ya wazee, kijijini, kwenye bonde la mto. Akasema karibu na kwake kuna nyumba ya mawe inauzwa, bei yake ndogo kuliko gereji ya Champlin. Watu hawaitaki kwa sababu vijana wote wamekimbilia mjini. Mama anajua Kifaransa, bustani ipo, binti yake yupo jirani. Ai! Nilisikia kama Mungu mwenyewe ameshika simu. Nikaomba likizo, watoto wakabaki na rafiki yangu, tukapanda ndege sisi watatu.

Bonde lenyewe, sitadanganya, lilikuwa zuri. Mto mwembamba wa kijani, miti mirefu imepangwa kando yake, na nyumba za mawe zimebanana mlimani na paa zake nyeusi. Tulipita vijiji vitatu vinne na hakuna mtu barabarani, paka tu. Mama alikaa kiti cha nyuma amepakata mkoba wake, akitazama nje. Nilimwuliza, "Umeipenda, Mama?" Akasema iko mzuri. Tukafika.

Marekani ukienda kuona nyumba, wenyewe huondoka, unafungua makabati ya watu usiowajua. Hapa mwenye nyumba alikuwa mlangoni anatungoja, bibi kizee, mjane, amevaa aproni yenye unga. Alikuwa ametuokea mkate mtamu wa matunda. Wifi yangu alikuwa kazini siku hiyo, kwa hiyo yule bibi alitutembeza mwenyewe, chumba baada ya chumba, akizungumza Kifaransa na Mama, na mume wangu akinitupia neno moja moja. Kifaransa sijui hata cha kuombea maji. Lakini nyumba haihitaji mkalimani. Niligonga kuta, nene. Nikaona meko ya kuni, kisima, kipande cha shamba cha kutosha maharage na mboga.

Tukarudi jikoni. Ufunguo ulikuwa mlangoni, wa chuma, mkubwa. Nikauchomoa nikamwekea Mama mkononi. Moyo wangu ulikuwa umejaa, jamani. Nikamwambia, "Ona, Mama. Mlango wako, jiko lako, ufunguo wako. Hakuna wa kukusumbua tena."

Mama akautazama ule ufunguo. "Aksanti, mama," akasema. Kisha, "Na nyinyi mutakuwa munakuja?"

"Kila tukipata likizo!"

Akaketi. Akamwambia yule bibi jambo kwa sauti ndogo, na yule bibi akamwuliza swali, na Mama akajibu akiwa ameinamisha kichwa. Nikaona uso wa mwenye nyumba unabadilika. Aliniangalia mimi, tena si vizuri. Akavuta sahani ya mkate aliyoniwekea, akairudisha kabatini. Kisha akamgeukia mume wangu na kuongea, neno kwa neno, na mume wangu akaanza kutazama viatu vyake.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu."

"Wewe! Anasema nini?"

Akajibu bila kuinua macho. "Anasema nyumba haiuzwi. Hawezi kumwuzia mama anayefukuzwa na mke wa mwanawe."

Jamani. Nilisimama, kiti kikaanguka. "Nani anafukuzwa? Mimi namfukuza nani?" Nilipiga kelele hadi njiwa wakaruka juu ya paa. "Muda wote huu natafuta nyumba ya huyu mama, nachungulia nyuma ya nyumba za watu kama mwizi, kwa sababu kwetu mama halali kwa mwanawe! Nitamlazaje chini ya paa langu kama mtu asiye na kwake? Hiyo ni kumdharau! Kwani Mama mwenyewe hakuomba?"

"Miye sikuomba," Mama akasema.

"Ulisema sawa!"

"Nilisema sawa kwa sababu wewe ulisema." Alikuwa ameshika ufunguo kwa mikono miwili. "Kwetu mama anazeeka kwa mutoto wake. Mwenye kuambiwa uko na nyumba yako kule, ni kwamba wamechoka naye. Nikafikiri hita ndiyo imekuchokesha. Nikaiacha. Nikaona bado unasema nyumba, nyumba."

Mume wangu, mtu anayezijua mila zote mbili, aliyekula meza moja na sisi miaka yote hiyo, alikuwa bado anatazama viatu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Niseme hapa, nisije nikasahau, kwamba nyumba ya Champlin tuliinunua mwaka uliofuata, na Mama analala humo, chumba cha karibu na jiko. Nilimpigia simu mama yangu mzazi kumweleza. Akauliza tu kama mama mkwe wangu anakula vizuri. Siku za kwanza nilikuwa nashtuka nikisikia Mama anakohoa chini ya paa langu. Nimezoea.

Lakini pale jikoni, bondeni, nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba yule mama alikuwa tayari kuja kuishi peke yake, mahali ambapo hata barabarani hakuna mtu, ili asiniudhi. Na mimi nilikuwa tayari kumwacha hapo na kurudi kwenye fleti isiyo na yeye, nikijisifu kwa adabu. Nilikuwa nimelia kwa siri wiki nzima kabla ya safari, na sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu ningemwambia nini? Mkaza mwana hamzuii mama mkwe kwenda kwake.

Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya mawe, nikamshika miguu. "Usiende, Mama," nikamwambia. "Kaa na mimi. Pandisha hita unavyotaka. Mimi sitaki ukae mbali, sijawahi kutaka. Kaa na mimi."

Mama aliniangalia sana. Kisha akanipiga kofi dogo begani. "Si ungesema?" Akaanza kucheka na machozi yanamtoka, na mimi nikacheka naye na kulia naye, na mume wangu akaenda dirishani kutazama mto.

Yule bibi alikuwa amesimama karibu na kabati, hajui kinachoendelea. Akauliza. Mume wangu akamweleza yote, kwa Kifaransa, polepole, na nikaona yule bibi anafunika mdomo kwa aproni yake. Akakirudisha kipande changu cha mkate mezani. Ndipo akatueleza kwa nini anauza. Ana watoto watatu, wote mjini, na walikubaliana kwa simu kwamba aingie makao ya wazee, yale yale anakofanya kazi wifi yangu. Nyumba ikiuzwa tu, anahama.

Kisha akasema jambo fupi, akinitazama mimi, na mume wangu hakutafsiri.

"Anasema nini?" nikamwuliza, sasa kwa upole.

"Anasema hakuna mtoto wake aliyemwambia hivyo. Anaomba umwambie yeye. Kwa Kiswahili hicho hicho. Anasema si lazima aelewe."

Nikamshika mikono. Bado ilikuwa na unga. "Usiende, Mama," nikamwambia. "Kaa na mimi."

Alisikiliza amefumba macho, akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba nirudie.